Usikimbilie Kuongeza Saa Tatu: Kupatanisha Mihuri ya Muda kati ya Hifadhidata za Nairobi na za Ng'ambo

Malipo yamepokelewa kwenye tawi la Gikomba, Nairobi, 14:30:05. Kwenye seva iliyoko Frankfurt, malipo hayohayo yanasomeka kuwa yameingia 17:30:05 kwa saa za Nairobi, muda ambao bado haujafika. Mhasibu analalamika, mtu wa mifumo anapachika `- interval '3 hours'` kwenye ripoti, hesabu zinakubaliana, kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Hapo ndipo tatizo dogo linapoota mizizi. Ripoti moja imepunguziwa saa tatu, nyingine inasoma data mbichi, na siku chanzo kitakaporekebishwa, ile iliyotiwa kiraka ndiyo itakayokuwa mbovu, wala hakuna atakayekumbuka kiraka kiliwekwa na nani.

Njia inayofuatwa hapa ni ndefu kidogo: pima, tambua aina ya pengo, tibu chanzo, kisha ndipo uguse rekodi za zamani. Mifano mingi ni ya PostgreSQL na MySQL. SQL Server inatajwa pale inapokwenda kivyake. Tuelewane jambo moja mapema: "saa tatu" ikiandikwa kwa maneno hapa ni urefu wa muda, na usomaji wa saa umeandikwa kwa tarakimu za saa 24, kama 09:00. Sababu ya tahadhari hiyo itaonekana mbele.

Pima kabla ya kugusa

Kuna mambo matatu yanayoweza kupishana ndani ya mashine moja: saa ya mfumo endeshi, ukanda wa saa uliowekwa kwenye hifadhidata, na ukanda wa ule muunganisho unaotumiwa na programu. La tatu ndilo husahaulika, na ndilo lenye makosa mengi.

Kwenye Linux anza hivi:

```
timedatectl
date -u +%FT%T.%NZ
```

Kisha PostgreSQL:

```
SELECT clock_timestamp(), current_setting('TimeZone');
```

MySQL:

```
SELECT @@system_time_zone, @@global.time_zone,
       @@session.time_zone, NOW(6), UTC_TIMESTAMP(6);
```

Na SQL Server:

```
SELECT SYSDATETIMEOFFSET(), SYSUTCDATETIME();
```

Kwenye PostgreSQL tumia `clock_timestamp()`, si `now()`. `now()` hurudisha muda muamala (kundi la amri za hifadhidata zinazokamilika kwa pamoja) ulipoanza, hata kama muamala umekaa wazi dakika kumi.

Endesha maswali hayo kupitia programu yenyewe inayoandika data, si kupitia psql (programu ya PostgreSQL ya kuandikia amri) ya mezani kwako tu. Draiva ya JDBC ya PostgreSQL, inayounganisha programu za Java na hifadhidata, huupa muunganisho ukanda wa JVM (mashine pepe ya Java) iliyouanzisha. Hivyo unaweza kuweka hifadhidata nzima kwenye UTC (saa ya marejeo ya dunia, ambayo Nairobi iko mbele yake kwa saa tatu), ukaithibitisha kwa psql, na programu ya Java ikaendelea kufanya kazi kwa Africa/Nairobi bila kukujulisha. Kontena (vifurushi vinavyoendesha programu kwa kujitenga na mashine) nazo zina tabia yake: nyingi huamka zikiwa kwenye UTC hata kama mashine inayozibeba iko kwenye saa za Nairobi. Kontena za Alpine, aina ndogo ya Linux, zina mtego wa ziada. Ukiweka `TZ=Africa/Nairobi` bila kusakinisha kifurushi cha tzdata (orodha ya kanda za saa za dunia na mabadiliko yake), hutapata ujumbe wa kosa; mpangilio unapuuzwa na saa inabaki UTC.

Kulinganisha seva mbili zilizo mbali kunahitaji uangalifu, kwa kuwa jibu la Ulaya linachukua zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi. Andika muda wa mashine yako kabla ya kuuliza na baada ya kupata jibu, chukua katikati yake, kisha ulinganishe na muda uliorudishwa. Tuseme umeuliza 10:00:00.000, jibu limefika 10:00:00.160, na seva imesema 10:00:02.580, yote yakiwa UTC. Katikati ni .080, kwa hiyo seva iko mbele kwa sekunde 2.5, na kosa la kipimo haliwezi kuzidi milisekunde 80, yaani nusu ya safari. Rudia mara kumi na uamini kipimo chenye safari fupi kuliko zote.

Ukubwa wa pengo hutaja ugonjwa

Pengo la saa tatu kamili ni ukanda wa saa, si saa mbovu. Lakini mbele na nyuma si kitu kimoja, na hapa ndipo wengi huharibu data nzima iliyokuwa salama. Muhuri wa muda (saa iliyoandikwa kwenye rekodi) ukiwa saa tatu *mbele*, mara nyingi data yenyewe imekosewa: saa ya ukutani ya Nairobi ilichukuliwa kana kwamba ni UTC, ikahifadhiwa hivyo, kisha ikaongezwa tatu wakati wa kuonyeshwa. Muhuri ukiwa saa tatu *nyuma*, mara nyingi data ni sahihi na inaonyeshwa tu kwa UTC. Ukiongeza tatu kwenye jedwali katika hali hii ya pili, umeharibu kitu kizima.

Jaribio la kutofautisha ni dogo. Ingiza rekodi moja sasa hivi kupitia programu, kisha usome sekunde zake tangu mwaka 1970 na uziweke kando ya saa ya mashine iliyo sawa:

```
SELECT extract(epoch FROM muda) FROM malipo ORDER BY id DESC LIMIT 1;
```

```
date +%s
```

Namba zikikaribiana, data ni nzima na tatizo liko kwenye kuonyesha. Zikipishana kwa 10,800, data ndiyo mbaya. Jaribio hili linafaa kwa safu ya aina ya `timestamptz`. Kwa `timestamp` isiyo na ukanda halithibitishi kitu, maana safu hiyo haijui iko wapi duniani.

Pengo la saa sita lina hila yake, na Waswahili ndio linaowadanganya zaidi. PostgreSQL ikipewa jina kama `'UTC+3'` hulisoma kwa kanuni ya POSIX (kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix), ambamo alama ya kujumlisha humaanisha magharibi ya Greenwich. Ulitaka saa tatu mbele ya UTC, umepata saa tatu nyuma yake:

```
SELECT timestamptz '2025-03-11 14:30:00+03' AT TIME ZONE 'UTC+3';
-- 2025-03-11 08:30:00
```

Tazama jibu hilo: 08:30. Sasa muulize karani wa Gikomba malipo yaliingia lini, naye atakujibu kwa Kiswahili, "Saa nane na nusu mchana." Namba zinaafikiana! Saa ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya kimataifa kwa sita, na kosa la POSIX nalo kwa Nairobi ni sita kamili, kwa hiyo hitilafu inajivika vazi la saa tuliyoizoea na kupita ukaguzi. Usitumie `'UTC+3'` wala vifupisho vya herufi tatu. IST peke yake ni India, ni Israeli, na ni Ireland. Andika `'Africa/Nairobi'`. Kwenye SQL Server jina lake ni `'E. Africa Standard Time'`.

Kwa sababu hiyohiyo, daftari la matukio la zamu ya usiku liandikwe kwa mtindo wa `2025-03-11T03:00:00+03:00`. "Saa tisa usiku wa Jumanne" ina mitego miwili ndani yake: saa yenyewe, na siku. Wapo wanaohesabu usiku wa Jumanne kuwa ni ule wa kuamkia Jumanne, na wapo wanaoanza usiku huo baada ya jua la Jumanne kuzama. Ukilinganisha maelezo ya mtu na kumbukumbu za seva, muulize kwanza alimaanisha upi.

Pengo linalobadilika kwa majira, saa tatu wakati fulani na mbili wakati mwingine, linatoka kwenye seva iliyowekwa kwa saa za London au Dublin. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, zote mbili 01:00 UTC. Frankfurt pengo lake na Nairobi ni saa mbili, kisha moja. Kenya haina utaratibu huo, kwa hiyo mtu wa Nairobi huona ripoti imeruka bila yeye kugusa kitu.

Pengo la saa moja lisilobadilika ni la Cape Town, Kigali au Juba, zote zikiwa UTC+2. Juba hasa inastahili kuangaliwa: Sudan Kusini ilihama kutoka UTC+3 kwenda UTC+2 tarehe 1 Februari 2021, na seva ambayo tzdata yake haijasasishwa tangu wakati huo bado inaamini saa za Juba na Nairobi ni zilezile. Misri nayo ilirudisha saa za majira ya joto mwaka 2023.

Dakika 15 ni pengo adimu, lakini wenye mifumo ya pensheni na hospitali hulikuta kwenye tarehe za kuzaliwa. Nairobi haikuwa UTC+3 siku zote. Kuna kipindi ilikuwa mbele kwa saa mbili na dakika 45. Matoleo ya zamani ya tzdata yaliendeleza hesabu hiyo mpaka mwisho wa 1959, na matoleo mapya yameikomesha mwishoni mwa Julai 1942. Mtu aliyezaliwa 1955, tarehe yake ikihifadhiwa kama usiku wa manane wa Nairobi na kugeuzwa UTC, atatoka tofauti kwenye seva mbili zenye tzdata tofauti, na akisomwa upande wa pili anaweza kuzeeka kwa siku nzima. Tiba si kusasisha tzdata pekee. Tarehe ya kuzaliwa haina saa, basi ihifadhiwe kwenye safu ya aina ya `date`.

Mengine ni mepesi kutambua. Ukiona `1970-01-01 03:00:00`, hiyo ni sifuri iliyoonyeshwa kwa saa za Nairobi, yaani muda haukujazwa. Tarehe za siku ya ishirini na kitu Januari 1970 ni sekunde zilizosomwa kama milisekunde. Mwaka wa elfu hamsini na kitu ni kinyume chake. Hesabu tarakimu: kumi ni sekunde, kumi na tatu ni milisekunde.

Pengo la sekunde chache linalokua kila siku ndilo pekee linalotoka kwenye saa yenyewe.

Saa ya mashine

Fuwele inayohesabu saa ndani ya kompyuta ikikosea kwa sehemu 20 katika milioni, inapotea sekunde 1.7 kwa siku, karibu sekunde 52 kwa mwezi. Si uharibifu, ndivyo fuwele zilivyo, na ndiyo maana kila mashine inayoandika data lazima isawazishwe kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao. Chrony, programu ya NTP ya Linux, inatosha. Kwenye faili lake la mipangilio:

```
pool africa.pool.ntp.org iburst maxsources 4
pool pool.ntp.org iburst maxsources 2
makestep 1.0 3
rtcsync
```

Vyanzo vinne au zaidi vinatakiwa ili kimoja kikidanganya, waliobaki wamshinde kwa wingi. Ukiwa na viwili vinavyopingana, chrony haina njia ya kujua mkweli ni nani. Baada ya dakika chache angalia:

```
chronyc tracking
chronyc sources -v
```

Safu ya Reach ikisoma 377, majaribio manane ya mwisho yote yamejibiwa. Ikibaki 0, ngome ya mtandao wa tawi imefunga UDP 123, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote: huduma inaonekana inaendelea, haina malalamiko, na haijawahi kupata jibu hata moja.

`makestep 1.0 3` inaruhusu saa irushwe kwa mara moja katika masahihisho matatu ya kwanza tu. Baada ya hapo inavutwa polepole. Uache hivyo. Saa ikirushwa nyuma huku hifadhidata inaandika, rekodi mpya zinapata mihuri ya kabla ya rekodi zilizotangulia. Kwa mpangilio wa kawaida, chrony huvuta sekunde moja kwa kila sekunde 12, kwa hiyo pengo la dakika moja linahitaji dakika 12. Pengo la saa nzima litataka nusu siku. Hilo lisimamishie programu, rusha saa, kisha uiwashe tena.

Kwenye matawi, stima inapopotea mara kwa mara, angalia pia betri ya bodi mama. Nyingi ni CR2032, na Luthuli Avenue jijini Nairobi hukosi kuipata. Betri ikifa, mashine huamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na ikiwa intaneti imechelewa kurudi, programu ya dukani itaanza kuuza kwa tarehe hiyo kabla NTP haijafika. Ipange programu isianze mpaka `chronyc waitsync` ikamilike. Windows huweka saa ya maunzi kwa saa za eneo na Linux huiweka kwa UTC. Mashine yenye mifumo yote miwili itapishana kwa saa tatu kila inapobadilisha.

Usichanganye vyanzo vinavyosambaza sekunde nyongeza (sekunde moja inayoongezwa kwenye UTC ili isiachane na mzunguko wa dunia) kidogokidogo, kama seva za NTP za Google, na vile vinavyoiongeza kwa mkupuo. Sekunde nyongeza ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2016, lakini mchanganyiko huo ukiwepo siku nyingine itakapotangazwa, seva zako zitapishana hadi nusu sekunde zote zikidai ziko sawa.

Safu na muunganisho

Tukio lililokwisha kutokea, kama malipo, kuingia kwa mtumiaji au kipimo cha kifaa, lihifadhiwe kama nukta moja ya wakati. PostgreSQL hufanya hivyo kwa `timestamptz`. Jina lake linapotosha: haihifadhi ukanda wowote, huhifadhi UTC na kugeuza kulingana na muunganisho. MySQL hufanya hivyo kwa `TIMESTAMP`, ila safu hiyo inaishia 2038-01-19 03:14:07 UTC, kwa hiyo mikopo ya nyumba na bima za muda mrefu haziingii. `DATETIME` ya MySQL haigeuzi kitu. Ukiitumia, iwe na sheria moja isiyovunjwa kwamba kila kinachoingia ni UTC, na muunganisho ulazimishwe:

```
SET time_zone = '+00:00';
```

Kwa Connector/J, draiva ya Java ya MySQL, weka `connectionTimeZone=UTC` pamoja na `forceConnectionTimeZoneToSession=true`, maana ya kwanza peke yake haibadilishi muunganisho upande wa seva. Na ukitumia `CONVERT_TZ` kwa majina ya kanda ukapata NULL, majedwali ya kanda hayajapakiwa. Yapakie kwa `mysql_tzinfo_to_sql`.

Miadi ya mbele ni habari nyingine. Kikao cha 09:00 London mwakani kihifadhiwe kama saa ya ukutani na jina la ukanda, safu mbili. Serikali zikibadilisha saa, kama Juba, UTC uliyoihesabu leo itakuwa imepitwa.

Mfano wa karibu ni taarifa za malipo ya M-Pesa. Uga wa TransTime huja na tarakimu kumi na nne bila ukanda, mfano `20250311143005`, na saa yake ni ya Nairobi. Wengi huandika:

```
to_timestamp('20250311143005', 'YYYYMMDDHH24MISS')
```

PostgreSQL itaisoma kwa ukanda wa muunganisho. Kwenye kompyuta ya mtayarishaji programu iliyowekwa Nairobi, majaribio yote yanapita. Ikipelekwa kwenye seva ya UTC, malipo yote yanaruka saa tatu mbele. Hicho ndicho chanzo cha yale malipo ya 17:30 ya mwanzo. Sema ukanda waziwazi:

```
to_timestamp('20250311143005', 'YYYYMMDDHH24MISS')::timestamp
  AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi'
```

Hapo `::timestamp` huvua ukanda uliobandikwa kimakosa, na `AT TIME ZONE` huisoma saa ya ukutani kuwa ya Nairobi. Mstari huu utatoa jibu lilelile Nairobi na Frankfurt.

Usahihi wa sehemu za sekunde nao huzua mapengo yasiyoeleweka. PostgreSQL huhifadhi mikrosekunde, MongoDB milisekunde, na `datetime` ya zamani ya SQL Server hukadiria hadi .000, .003 au .007. `DATETIME` ya MySQL bila `(6)` haina sehemu kabisa, na haikati bali *hukadiria*: 23:59:59.7 inakuwa 00:00:00 ya kesho. Malipo ya mwisho wa mwezi yanahamia mwezi mwingine hivyo. Zaidi ya hayo, programu inayolinganisha mihuri ya pande mbili kwa alama ya usawa itaona kila rekodi imebadilika na kunakili jedwali zima kila usiku. Linganisha baada ya kushusha pande zote mbili hadi kipimo cha ule wenye usahihi mdogo, kwa kanuni yake ya kukata au kukadiria.

Mwisho wa siku

Usiku wa manane wa Nairobi ni 21:00 UTC ya siku iliyotangulia. Ripoti inayogawa siku kwa UTC inaweka mauzo ya kati ya 00:00 na 03:00 kwenye siku ya jana. Dukani huenda yasionekane, lakini kwa baa, kituo cha mafuta au huduma za simu ni fedha nyingi. Chuja kwa mipaka yenye ukanda, mwanzo ukiwemo na mwisho ukiachwa nje:

```
WHERE muda >= '2025-03-01 00:00+03'
  AND muda <  '2025-04-01 00:00+03'
```

Namna hii faharasa (index) ya safu inatumika, na hakuna sekunde ya mwisho inayopotea kama inavyotokea kwa `BETWEEN` na 23:59:59.

Kunakili kwa kutegemea updated_at

Hata saa zikilingana kikamilifu, njia ya kusoma safu ya `updated_at` (muda wa badiliko la mwisho) na kuchukua "kila kilichobadilika tangu mara ya mwisho" hupoteza rekodi. Muamala umeanza 10:00:00 na kukamilika 10:00:40. Skripti ya kunakili imepita 10:00:20, haikuiona rekodi kwa kuwa haijakamilika, ikasogeza alama yake mbele. Rekodi ikitokea, muhuri wake ni 10:00:00, nyuma ya alama, wala haitachukuliwa tena. Tawi lenye saa iliyo mbele huleta madhara yaleyale: rekodi yake moja inasukuma alama mbele na kuzificha za wenzake.

Rudi nyuma kila mara kwa muda unaozidi muamala mrefu kuliko wote ukijumlisha na pengo kubwa la saa. Dakika tano zinatosha kwa mifumo mingi, ila upime ya kwako. Rekodi zitakazojirudia zipokelewe bila madhara:

```
INSERT INTO malipo (id, kiasi, muda, toleo) VALUES (...)
ON CONFLICT (id) DO UPDATE
  SET kiasi = EXCLUDED.kiasi, muda = EXCLUDED.muda,
      toleo = EXCLUDED.toleo
  WHERE malipo.toleo < EXCLUDED.toleo;
```

`toleo` ni namba inayoongezwa moja kila rekodi inapobadilishwa. Usitumie muhuri wa muda mahali pake. Mashine iliyo mbele kwa sekunde tatu itashinda kila mgongano, na badiliko la kweli la mwenzake litafutwa kimyakimya. Ikiwa matawi mawili yanaweza kubadilisha rekodi moja wakati mmoja, namba pekee haitoshi. Mpe kila rekodi tawi moja lenye mamlaka ya kuiandika. Na ukiweza kutumia unakili wa ndani ya hifadhidata yenyewe, unaofuata kumbukumbu ya uandishi badala ya saa, achana na skripti.

Kila rekodi inayotoka tawini ibebe mihuri miwili: wa tukio, uliowekwa na tawi, na wa kupokelewa, uliowekwa na seva kuu. Tofauti ya hiyo miwili ndiyo kipimo chako cha bure cha afya ya saa ya tawi.

Rekodi zilizokwisha kuharibika

Kwanza jua zilianza lini kuharibika. Hesabu miamala kwa kila saa ya siku, wiki kwa wiki. Duka lenye msongamano wa chakula cha mchana lina kilele mahali pamoja. Kilele kikihama ghafla kutoka 13:00 hadi 16:00, umepata tarehe ambayo mpangilio ulibadilishwa. Ithibitishe kwa historia ya matoleo ya programu, na urudie kwa kila chanzo kivyake, maana mara nyingi ni tawi moja au huduma moja iliyoharibika.

Chukua nakala ya akiba na uijaribu kuirejesha. Usiandike juu ya safu ya zamani. Ongeza safu mpya, ijaze kwa mafungu ya rekodi 5,000 hivi ili usifunge jedwali, na uihifadhi ya zamani hadi hesabu za mwaka zifungwe:

```
UPDATE malipo
SET muda_sahihi = (muda AT TIME ZONE 'UTC') AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi'
WHERE chanzo = 'gikomba'
  AND muda_pokewa >= '2025-02-03 00:00+03'
  AND id BETWEEN 120001 AND 125000;
```

Kwa safu isiyo na ukanda unaweza kubadilisha aina moja kwa moja:

```
ALTER TABLE malipo ALTER COLUMN muda TYPE timestamptz
  USING muda AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi';
```

Ukiacha `USING`, PostgreSQL itatumia ukanda wa muunganisho wako wa wakati huo. Amri hiyo pia hufunga jedwali lote na kuliandika upya, kwa hiyo ifanyike usiku.

Seva iliyokuwa kwa saa za London ina saa moja isiyogeuzika kwa kanuni. Tarehe 26 Oktoba 2025, muda wa 01:00 hadi 02:00 ulipita mara mbili huko. 01:30 ya kwanza ni 03:30 Nairobi, ya pili ni 04:30. PostgreSQL ikikuta muda wa aina hiyo huchukua ile ya pili, hivyo rekodi za saa ya kwanza zitachelewa kwa saa nzima. Zipange kwa `id`: pale id inapopanda na muda unarudi nyuma ndipo mpaka ulipo, na zilizo kabla yake uzigeuze kwa `+01:00`.

Baada ya kusahihisha, maswali mawili yarudishe sifuri:

```
SELECT count(*) FROM malipo WHERE muda_sahihi > clock_timestamp();

SELECT count(*) FROM malipo
WHERE muda_sahihi > muda_pokewa + interval '5 seconds';
```

La pili liache likiendeshwa kila baada ya dakika tano, kwa kila chanzo. Likianza kuhesabu rekodi za tawi moja, na tofauti ya mihuri yake miwili ni sekunde sita, saba, nane, NTP ya tawi hilo imekatika. Tofauti hiyo ikiruka hadi sekunde 10,800 kwa mara moja, ulizia ni toleo gani la programu limewekwa asubuhi hiyo.